Nishati Ndani ya Lita ya Maziwa: Kilimo Hai, Ufugaji wa Kawaida na Mabanda ya Kongowea

Mada ya semina ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, Kongowea, Mombasa



Nimeombwa nijibu swali ambalo limekuwa likizunguka vikundi vyetu tangu habari za kilimo hai zilipoanza kufika huku: je, maziwa ya ng'ombe anayefugwa kwa kilimo hai hutumia nishati kidogo kuliko maziwa ya ng'ombe anayefugwa kwa njia ya kawaida? Ninaposema nishati sina maana ya stima ya taa ya bandani pekee. Nahesabu dizeli ya lori lililoleta majani, gesi iliyochomwa kiwandani kutengeneza mbolea, stima iliyosukuma maji na makaa yaliyochemsha maziwa, yaani kila kilichochomwa hadi kikombe kikafika mezani.

Wenzetu wa Ulaya wamelijibu swali hili kwa vipimo, na jibu lao nitalieleza. Lakini wao walipima mashamba yenye malisho mapana, na sisi tunafuga nyuma ya nyumba za kupangisha, ukuta wa banda ukiwa ndio ukuta wa chumba cha jirani. Kwa hiyo nitasema mapema ninakoelekea ili mnipinge vizuri. Kwa mfugaji wa Kongowea, mambo matatu huamua nishati ya lita moja ya maziwa: majani yametoka umbali gani, kinyesi kinakwenda wapi, na maziwa yanachemshwa kwa moto gani. Alama ya kilimo hai ina faida zake, na nitazitaja, lakini katika hesabu ya nishati inakuja nyuma ya hayo matatu.

Mbolea ya dukani ni gesi iliyogeuzwa chembe

Tuanze na sababu inayofanya kilimo hai kishinde huko ng'ambo. Mbolea ya naitrojeni, iwe yurea au CAN, huanzia kwenye amonia. Amonia hutengenezwa kwa njia iliyovumbuliwa na Mjerumani Fritz Haber na kufanywa ya kiwanda na Carl Bosch. Kiwanda cha kwanza kilianza kazi Oppau, Ujerumani, mwaka 1913. Naitrojeni ya hewani hulazimishwa kuungana na haidrojeni kwenye joto la nyuzi 400 hadi 500 na mgandamizo mkubwa mno, na haidrojeni hiyo mara nyingi hutolewa kwenye gesi asilia. Kazi hii peke yake hula kati ya asilimia 1 na 2 ya nishati yote inayotumiwa duniani.

Tuilete hesabu kwenye mfuko tunaoujua. Mfuko wa kilo 50 wa yurea una naitrojeni asilimia 46, yaani kilo 23. Kila kilo ya naitrojeni hugharimu takriban megajuli 40 za nishati kiwandani. Lita moja ya dizeli ina takriban megajuli 36. Piga hesabu: mfuko mmoja umebeba nishati ya lita 25 za dizeli, hata kabla haujapanda meli. Mkulima anapoumwaga kwenye shamba la majani au la mahindi ya chakula cha ng'ombe, ni sawa na kumwaga mtungi wa dizeli uliojaa na zaidi.

Ndiyo maana gesi ilipopanda bei Ulaya mwaka 2022 kutokana na vita vya Ukraine, sisi tuliumia huku ingawa hatuna kiwanda cha amonia. Mfuko wa mbolea Kenya ulipita shilingi 6,000. Serikali iliushusha kwa ruzuku hadi shilingi 3,500 mwezi Septemba mwaka huo, kisha hadi 2,500 mwaka 2023. Wafugaji wa bara waliokuwa wakirutubisha nepia kwa mbolea ya dukani walijua siku ile kwamba maziwa yao yanategemea bomba la gesi wasiloliona. Kilimo hai hakiruhusu mbolea hiyo kabisa, na pale ndipo kinapookoa nishati nyingi kuliko mahali pengine popote.

Waingereza walipima nini

Mwaka 2006 Adrian Williams na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cranfield waliikamilishia wizara ya kilimo na mazingira ya Uingereza kazi kubwa ya kupima nishati na rasilimali katika mazao ya shambani na ya mifugo. Kwa maziwa, waliona kuwa lita moja ya ufugaji wa kawaida ilihitaji takriban megajuli 2.5 za nishati hadi ilipotoka shambani, na lita ya kilimo hai takriban megajuli 1.6. Hiyo ni pungufu ya asilimia 38, na ni pungufu kubwa. Tofauti hiyo ilitokana hasa na mbolea, kwa sababu mkulima wa kilimo hai hutegemea mikunde ya malishoni, ambayo huikamata naitrojeni ya hewani bila kuchoma chochote.

Lakini taarifa hiyohiyo ina tarakimu ya pili ambayo haitajwi na wanaouza alama: lita ya kilimo hai ilihitaji ardhi zaidi kwa takriban asilimia 65. Malisho yasiyo na mbolea ya kiwandani huzaa kidogo, ng'ombe anayekula vyakula vichache vya nguvu hukamua kidogo, kwa hiyo ekari lazima ziongezeke. Huko wanabadilisha nishati kwa ardhi, na kwa mwenye ardhi hiyo ni biashara nzuri.

Sasa nitazameni usoni mnijibu: nani kati yetu ana ekari ya kuongeza hapa Kongowea?

Huku hakuna shamba, kuna barabara

Nimezungukia mabanda ya sehemu hizi kwa muda mrefu na picha ni moja. Ng'ombe wawili au watatu, mara nyingi chotara wa Ayrshire au wa Friesian, wamesimama kwenye sakafu ya saruji chini ya mabati. Majani yanaletwa. Hakuna mfugaji hata mmoja hapa anayetia yurea kwenye malisho, kwa sababu malisho hana. Ile faida kubwa ya kilimo hai, ya kuacha mbolea ya dukani, kwenu nyote tayari ipo bila kuwa na cheti. Imebaki tu ile iliyojificha ndani ya unga wa ng'ombe, kwenye mahindi yaliyolimwa kwa mbolea hiyo.

Nishati yenu iko barabarani. Kiangazi kikikaza na majani ya kando ya njia yakikauka, marobota ya nyasi za boma rhodes huteremka kutoka bara. Tuchukue lori moja linalotoka Nakuru, takriban kilomita 640 kutoka hapa, likiwa na marobota 400 ya kilo 15, yaani tani 6. Tuseme linakwenda kilomita 3 kwa lita moja ya dizeli. Safari ya kuja tu inachoma zaidi ya lita 210, maana yake kila robota limebeba zaidi ya nusu lita ya dizeli mgongoni. Ng'ombe anayekula kilo 8 za nyasi hizo kwa siku amekula megajuli kama 10 za usafiri. Akikamuliwa lita 8, basi kila lita ina megajuli 1.3 za lori peke yake.

Zilinganisheni na zile za Uingereza. Lori la nyasi peke yake limeshafika nusu ya nishati yote ya maziwa yao ya kawaida, na limekaribia jumla yote ya maziwa yao ya kilimo hai. Wala dizeli haijui kama nyasi zilizomo ndani ya lori zililimwa kwa samadi au kwa CAN. Mtu akileta marobota yenye cheti cha kilimo hai kutoka Laikipia hadi Kongowea ili maziwa yake yapate alama, huenda akawa na maziwa yasiyo na kemikali, lakini nishati atakuwa ameipandisha.

Kitu kingine ambacho wengi hudhani ni kikubwa ni maji. Maji ya Kisauni na Nyali yanatoka visima vya Baricho kwenye Mto Sabaki, yakisukumwa kwa pampu za stima hadi tangi la Nguu Tatu; si kama yale ya chemchemi za Mzima, ambayo tangu bomba lake lilipojengwa miaka ya 1950 hushuka yenyewe kwa mteremko hadi upande wa bara wa magharibi na kisiwani. Ng'ombe wa kukamua hunywa lita 60 hadi 100 kwa siku kwenye joto letu. Nilipoipiga hesabu ya stima ya kuyasukuma, nikikadiria hata mwinuko wa mita 150, niliona ni chini ya theluthi ya megajuli kwa siku kwa ng'ombe mmoja. Ukiigawa kwa lita alizokamua, ni kidogo sana. Maji yanawaumiza mfukoni, hasa mkinunua ya mkokoteni bomba likikauka, lakini kwenye mizani ya nishati hayalemei, kwa hiyo sitayarudia.

Majani ya kabeji ya sokoni

Hapa ndipo Kongowea ina kitu ambacho Cranfield hawakuwa nacho kwenye hesabu yao. Soko letu hupokea malori usiku kucha: kabeji na viazi kutoka Nyandarua, mboga kutoka Wundanyi, machungwa kutoka upande wa Tanga, mahindi mabichi, ndizi. Ukisimama alfajiri pale kabeji zinaposhushwa, utawaona akina mama wauzaji wakizimenya kwa kisu kifupi. Majani mawili matatu ya nje, yaliyochubuka kwa safari, yanaanguka chini, na kabla jua halijapanda rundo limewafika magotini. Kijana wa mkokoteni anapita akichagua: yaliyo mabichi anatia guniani, yaliyolainika na kunuka anayaacha, na kamba za nailoni zilizofungia magunia anazichomoa moja moja kwa vidole. Kamba hizo ndizo hatari. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tarehe 28 Agosti 2017 na sokoni tumeiona ikipungua, lakini kamba bado zipo, na zikiingia kwenye tumbo la ng'ombe hazitoki.

Dizeli iliyoyaleta majani hayo ilikwishalipiwa na kabeji. Lori halikutoka Nyandarua kwa ajili ya ng'ombe. Kama mfugaji asingeyachukua, yangepakiwa kwenye lori la taka hadi jaa la Mwakirunge, yaoze pale na kutoa gesi ya methani hewani. Kwa hiyo gunia la majani ya kabeji linaloingia bandani kwa mkokoteni lina nishati ndogo kabisa, na pengine linapunguza ile ambayo ingechomwa kulitupa. Wapo wataalamu watakaosema kwamba siku majani hayo yatakapouzwa kwa bei, yatakuwa zao, na sehemu ya dizeli ya kabeji itabidi yabebeshwe. Hoja yao naikubali. Lakini hata mkiyabebesha sehemu hiyo kwa kadiri ya bei, mzigo utakuwa mdogo, kwa sababu bei yenyewe ni ndogo sana mbele ya bei ya kabeji.

Msidhani nasema ng'ombe aishi kwa kabeji. Kabeji ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Gunia la kilo 40 lina chini ya kilo 4 za chakula kikavu, na ng'ombe wa kilo 400 anayekamuliwa anataka karibu kilo 12 kwa siku. Akijazwa kabeji tupu atavimba tumbo, atahara, na maziwa yatapata harufu ambayo mteja wa chai ataitambua. Yachanganywe na maganda na mabua ya mahindi ya sokoni hapohapo yaliyoanikwa, mashudu ya nazi, na pumba za ngano. Pumba nazitaja kwa makusudi: ngano inayoingia nchini hupitia bandari ya Kilindini na nyingine husagwa Mombasa hii hii. Pumba ziko mlangoni petu, na bado naona magunia ya chakula cha ng'ombe yaliyotengenezwa Nairobi yakiteremshwa hapa, na ndani yake, pamoja na vingine, kuna pumba.

Na cheti je? Viwango vya kilimo hai vya Afrika Mashariki, vilivyopitishwa mwaka 2007 na vinavyotumia alama ya Kilimohai, vinataka chakula cha mifugo kwa sehemu kubwa kiwe kimelimwa kwa kilimo hai. Kabeji ya sokoni imepigwa dawa ya nondo, pengine mara kadhaa. Ng'ombe anayeila hawezi kupata alama. Kwa hiyo mfugaji mwenye nishati ndogo kuliko wote katika mtaa huu, yule wa mkokoteni na majani ya kabeji, yuko nje ya kilimo hai. Na sababu ya kumweka nje ni halali: mabaki ya dawa ni jambo la afya ya watoto wanaokunywa maziwa hayo. Natamani majani ya nje yaoshwe kwa maji na yale yenye madoa meupe ya dawa yaachwe. Ninachokataa ni kuzichanganya hesabu mbili, ya kemikali na ya nishati, na kumwambia mama mwenye ng'ombe wawili kwamba cheti kitampa zote kwa pamoja.

Jikoni

Hesabu za wataalamu wa Ulaya huishia kwenye lango la shamba, kwa sababu baada ya hapo maziwa huingia kiwandani. Maziwa ya Kongowea hayaendi kiwandani. Yanatoka bandani kwenye ndoo, yanauzwa kwa kikombe na kwa chupa, na ndani ya saa chache yapo kwenye sufuria. Hatuna gharama ya kuyapoza wala ya kuyasafirisha, na hilo ni jema. Hata mngeamua kama kikundi kununua tangi la baridi ili maziwa ya jioni yasiharibike, lita 100 zingekula takriban yuniti 2 za stima, na stima ya Kenya kwa sehemu kubwa inatokana na mvuke wa Olkaria, maji na upepo, ingawa huku pwani mitambo ya mafuta ya Kipevu na Rabai bado hushika zamu. Ningewaunga mkono. Lita moja iliyoganda na kumwagwa imepoteza nyasi, lori na jasho vyote kwa pamoja.

Lakini maziwa mabichi lazima yachemshwe. Kuna brusela, kuna kifua kikuu cha ng'ombe, na hilo halina mjadala. Kuipandisha lita moja kutoka joto la hewa yetu hadi kuchemka kunahitaji nishati takriban megajuli 0.27 ndani ya maziwa yenyewe. Jiko la makaa hupeleka sufuriani kama robo tu ya moto wake. Robo tatu hupotea. Kwa hiyo lita moja inachoma karibu megajuli 1.1 za makaa, kama gramu 40, bila kuhesabu makaa ya kuwashia jiko.

Gramu 40 zinaonekana si kitu. Tatizo ni yalikotoka. Kwenye tanuri la udongo la porini, kilo moja ya makaa hutolewa kwenye kilo 5 hadi 10 za kuni, na kilichobaki kinakwenda na moshi. Gramu 40 za makaa ni gramu 200 hadi 400 za mti kutoka Kwale, Kilifi, Tana River au Taita Taveta, na mti huo una megajuli 3 hadi 6. Nimeirudia hesabu hii kwa sababu mwanzo sikutaka kuiamini: kuichemsha lita moja kwa makaa, ukianzia mtini, kunatumia nishati zaidi ya ile Waingereza wanayotumia kumlisha ng'ombe, kumkamua na kuendesha shamba zima kwa lita hiyohiyo.

Watu wa kilimo hai na wa ufugaji wa kawaida hubishana juu ya megajuli moja iliyo kati yao, na sisi tunatumia tatu au zaidi kwenye tanuri na jiko. Mti, ndiyo, huota tena tofauti na mafuta. Lakini mwenye kupita njia ya Kinango leo na aliyeipita miaka 20 iliyopita watawaambia kama inaota kwa kasi tunayoichoma.

Kinyesi cha ng'ombe wawili

Basi tutazame nyuma ya ng'ombe. Chotara anayefungiwa bandani hutoa kinyesi kibichi kilo 15 kwa siku, wengine zaidi. Ng'ombe wawili ni kilo 30. Kilo 30 kwenye mtambo wa bayogesi hutoa karibu mita moja ya ujazo ya gesi, yenye megajuli kama 20. Jiko la bayogesi hupeleka sufuriani karibu nusu, yaani megajuli 10. Kila lita ya maziwa inataka 0.27. Gesi hiyo inaweza kuchemsha takriban lita 37 kwa siku.

Ng'ombe hao wawili hukamuliwa lita 16. Kwa maneno mengine, kinyesi chao kinatosha kuchemsha maziwa yao yote, ya kuuza na ya kunywa, na bado kukabaki gesi ya chai na maharagwe. Badala yake tunakisukuma kwa fagio hadi kwenye mtaro, mvua za Aprili zinakipeleka kwa jirani, na ugomvi wa mtaa unaanza. Ukifuata malalamiko yanayopelekwa kwa chifu kuhusu ng'ombe, mengi yanaanzia kwenye mtaro.

Hali ya hewa yetu ni rafiki wa kazi hii. Vijidudu vinavyotoa bayogesi hupenda joto la nyuzi 30 na zaidi kidogo. Mfugaji wa Kinangop lazima afukie mtambo wake chini sana na bado gesi humpungukia Julai, hali Mombasa joto hilo ni la bure mwaka mzima. Wala teknolojia si ngeni. Mpango wa taifa wa bayogesi ya majumbani ulianza mwaka 2009 na umejenga mitambo kwa maelfu, sehemu kubwa bara. Karibu nasi, Kilifi Plantations, ambao hulima mkonge na kufuga ng'ombe wa maziwa, walikwenda mbali zaidi wakajenga mtambo unaotumia mabaki ya mkonge na kinyesi kuzalisha stima.

Matatizo ya Kongowea nayajua na siwezi kuyaruka. La kwanza ni nafasi: mtambo wa matofali wa kuchimba ardhini haufai kwenye uwanja wa kupanga, lakini ule wa mfuko mgumu wa plastiki unakaa kandokando ya banda na ukihama unahama nao. La pili ni maji, kwa kuwa kinyesi huchanganywa na maji kiasi sawa; lita 30 za maji mliyooshea banda na ndoo zinatosha, msitumie ya kununua. Sabuni na dawa ya kupe zisiingie humo, zitaua vijidudu. La tatu, na hili ndilo zito, ni tope linalotoka baada ya gesi. Ni mbolea nzuri kuliko samadi ya kawaida, kwani naitrojeni yake iko tayari kwa mmea, lakini hapa hakuna wa kuitumia.

Nyasi za karibu

Tope hilo linaunganika na swali la majani. Kwenye kituo cha utafiti cha Mtwapa, kilichokuwa chini ya taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo, KARI, ambayo sasa ni KALRO, watafiti walifanya kazi nyingi miaka ya 1980 na 1990 juu ya kulisha ng'ombe wa pwani kwa nepia iliyopandwa pamoja na mikunde: lusina, gliricidia, na klitoria inayotambaa. Mikunde hiyo hurutubisha nepia kwa naitrojeni ya hewani na majani yake humpa ng'ombe protini ambayo vinginevyo ingenunuliwa dukani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mdudu wa lusina aliingia pwani na kuwavunja wengi moyo, lakini gliricidia haikuguswa, na leo inasimama kama ua la shamba sehemu nyingi za Kilifi bila anayeikata kwa ajili ya ng'ombe. Lusina isizidi theluthi moja ya chakula cha ng'ombe, ina sumu ikizidi.

Huo ndio ufugaji wa kilimo hai katika maana yake halisi, hata kama haukupewa jina hilo wakati ule. Kwa hiyo pendekezo langu la kwanza: kikundi kifanye mapatano na wakulima wenye mashamba Mtwapa, Vipingo na Kaloleni wapande nepia na gliricidia kwa ajili yenu, na pikapu inayoleta majani irudi na madumu ya tope la bayogesi. Umbali ni kilomita 20 hadi 60 badala ya 640. Kwa makadirio yaleyale ya lori, robota la kutoka kilomita 40 lina dizeli isiyofika hata nusu kikombe cha chai. Pikapu ndogo hubeba kidogo na hula zaidi kwa kila kilo, lakini bado haifiki hata robo ya ile ya Nakuru. Na kama siku moja mtataka alama ya Kilimohai, mashamba hayo ndiyo yatakayowapa, kwa sababu mtajua kila jani limelimwaje.

Ng'ombe mwenyewe pia ni hesabu. Mtamba hula zaidi ya miaka miwili kabla hajatoa tone la kwanza, na nishati ya miaka hiyo hugawanywa kwa maziwa atakayotoa maishani. Akifa kwa ndigana kali katika uzazi wa kwanza, kila lita aliyotoa imekuwa ghali mara nyingi, kilimo hai au la. Chanjo ya ndigana ipo na viwango vya kilimo hai havizuii chanjo. Na mpunguze pupa ya Friesian mkubwa asiyestahimili joto, anayehema mchana kutwa na kuacha chakula. Kilifi Plantations walifanikiwa kwa miaka mingi kwa kuchanganya Ayrshire, Brown Swiss na Sahiwal, ng'ombe wanaokula na kukamuliwa hata Machi.

Pendekezo la pili linahusu soko. Tuiombe kamati ya soko na kaunti sehemu moja ya saruji, karibu na wanaposhusha kabeji, ambapo majani ya kijani yatatengwa na taka nyingine kabla hayajakanyagwa, kamba za nailoni zitolewe palepale, na wafugaji waliosajiliwa wachukue kwa zamu. Kaunti itapunguza safari za Mwakirunge, na hiyo ndiyo hoja ya kuwapelekea, kwa sababu ni fedha zao.

La tatu ni kupima wenyewe, kwa sababu tarakimu nilizotumia leo ni makadirio, na kila banda lina yake. Natafuta mabanda matatu: moja linalotegemea marobota ya bara, moja la majani ya sokoni, na moja lililo tayari kufunga mtambo wa bayogesi. Kuanzia Januari hadi mwisho wa Machi, wakati majani ni haba zaidi, kila siku iandikwe kilo za chakula na kilikotoka, lita za maziwa, kilo za kinyesi, na makaa au gesi iliyochemshia. Mizani ya kuning'iniza na daftari vitatoka kwenye kikundi, na mimi nitapita kila juma kukusanya hesabu. Wenye mabanda wanaokubali wamwandikishie katibu kabla ya chakula cha mchana, ili mchana tukae nao tupange karatasi za kujazia.